Kasigau 1915: Nani Alikuwa Ameshika Kamera?

Wasee wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na nyinyi mliohamia Nairobi mkaanza kusema mnatoka "karibu na Mombasa": leo ni sheria ya kimataifa. Msitoroke bado. Kuna mlima, kuna Wajerumani, na kuna watu wetu ambao hadi leo hakuna korti imewahi kutaja jina lao.

Mlima ni Kasigau. Ukitoka Voi kwenda Mombasa, ukifika Maungu, angalia kulia. Ule uliosimama peke yake huko kwenye nyika, zaidi ya mita 1,600. Chini yake kuna Rukanga, Makwasinyi, Jora, Kiteghe, Bungule. Wengi wetu tuna shangazi huko au mshikaji tuliyesoma naye.

Nianze na kisa chenyewe kwa sababu najua hamkufundishwa. Mimi pia sikufundishwa. Nilikaa chuo kikuu mihula minne kabla karo haijanishinda, na Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia tulivipitia vizuri: Sarajevo, mitaro ya Ufaransa, mkataba wa Versailles. Saa chache tu kutoka hapa kwetu, na Kasigau haikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Agosti 1914 Wajerumani walivuka kutoka upande wa Moshi wakachukua Taveta. Wakakaa hapo hadi 1916. Waingereza nao wakaanza kutandaza reli kutoka Voi kuelekea Maktau ili walete askari na chakula. Kitu ambacho Wajerumani walitaka sana ni reli kubwa, ile ya Mombasa kwenda Uganda. Ukiikata hiyo, Waingereza wote wa bara wanabaki bila mzigo. Sasa angalia ramani: Kasigau iko karibu na reli, ina maji, na kutoka juu unaona nyika yote. Agosti 1915 Wajerumani wakaja, wakakiteka kikosi kidogo cha Waingereza kilichokuwa hapo, wakaufanya mlima kambi yao ya kuvamia reli.

Aibu kubwa. Na aibu ya jeshi lazima itafutiwe mwenyewe. Utawala wa kikoloni ukaamua kwamba wenyeji ndio waliouza siri, wao ndio waliwaonyesha Wajerumani njia. Adhabu haikumtafuta mtu fulani aliyefanya kitu fulani. Ilibeba jamii nzima, wazee, akina mama, watoto wa mgongoni, ikawapeleka Malindi. Watu wa mlima, waliozoea baridi ya asubuhi na mashamba ya mteremkoni, wanawekwa kwenye joto la pwani bila shamba. Njaa na maradhi vikawamaliza wengi. Waliobaki waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1930. Hiyo ni karibu miongo miwili baada ya vita kuisha. Mtoto aliyebebwa mgongoni 1915 alirudi akiwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Sasa tuje kwa kitu kilichonifanya niandike.

Kila nikiongea kuhusu Kasigau, swali la kwanza ninaloulizwa, na mara nyingi na watu wazima wenye akili zao, ni hili: "Lakini kweli, waliwasaidia Wajerumani au hawakuwasaidia?"

Kila mtu anayerekodi video anajua fremu ni nini. Ukiinua simu, kabla hujabonyeza kitu, umeshaamua nani anaonekana na nani amekatwa. Huhitaji kudanganya. Unasogea tu hatua mbili kushoto, na lile rundo la takataka halipo tena. Swali la "waliwasaidia au la" ni hatua mbili kushoto. Ukilijibu "ndiyo", wameponzwa na mambo yao. Ukilijibu "hapana", umekubali bado kwamba kama jibu lingekuwa ndiyo, basi mtoto wa Bungule alistahili kwenda kufia Malindi. Aliyeuliza swali ameshashinda kabla hujafungua mdomo. Na aliyeliuliza wa kwanza ni afisa aliyekuwa anatafuta wa kulaumiwa kwa kikosi chake kutekwa.

Swali langu mimi ni lingine: mwaka 1915, je, dunia ilijua kwamba kuchukua jamii nzima na kuitupa mbali ni uhalifu?

Ilijua. Na ninaweza kukupa tarehe. Tarehe 24 Mei 1915, Uingereza, Ufaransa na Urusi zilitoa tamko la pamoja kuhusu yale serikali ya Uthmaniya ilikuwa inawafanyia Waarmenia: kuuawa, kufukuzwa kutoka makwao, kutembezwa jangwani. Tamko hilo liliyaita mambo hayo uhalifu dhidi ya ubinadamu na ustaarabu, na likasema viongozi watawajibishwa mmoja mmoja. Wanahistoria wa sheria hulitaja kama mojawapo ya mara za kwanza serikali kutumia maneno hayo kuishtaki serikali nyingine. Rasimu ya kwanza, ya Warusi, ilitaja Ukristo badala ya ubinadamu. Washirika wao wakaibadilisha, wakiogopa kuwaudhi Waislamu waliokuwa wakiwatawala kwenye makoloni yao. Soma hiyo sentensi tena pole pole. Neno "ubinadamu" liliingia pale kwa sababu za kutunza makoloni.

Mei kwa Waarmenia. Agosti Kasigau. Ni serikali ileile. Sisemi mambo hayo mawili yanalingana kwa ukubwa. Waarmenia waliuawa kwa mamia ya maelfu, na hakuna haja ya kushindanisha makaburi. Ninachosema ni kwamba msamiati ulikuwepo London, umechapishwa na umetiwa saini, miezi mitatu tu kabla. Haukusafiri hadi Voi.

Kuna mengine ya mwaka ule. Kanuni za Hague za 1907, kifungu cha 50, zilikataza adhabu ya pamoja kwa raia kwa sababu ya matendo ya watu wachache. Poa kabisa. Lakini zilihusu eneo ambalo jeshi limeliteka kutoka kwa adui. Kwa hivyo, angalau kwenye karatasi, mtu wa Taveta aliyekuwa chini ya Wajerumani alikuwa na kifungu cha kumkinga. Mtu wa Kasigau, aliyeadhibiwa na serikali iliyodai inamlinda, hakuwa na kitu. Mkoloni akiwa adui yako, sheria inakuona. Akiwa ni "wako", hayo ni mambo ya nyumbani.

Na hilo neno kulinda si mzaha wangu. Mwaka 1915 hii nchi haikuitwa koloni bado, hiyo ilikuja 1920. Ilikuwa himaya iliyo chini ya ulinzi. Wanasheria walicheza na jina hilo vibaya sana. Mwaka 1913 Wamaasai, kesi ikiwa kwa jina la Ole Njogo, walienda korti Mombasa kupinga kutolewa Laikipia. Korti ikawaambia hivi: hapa si ardhi ya Uingereza, nyinyi si raia wa Mfalme, mikataba yenu na serikali ni kama mikataba kati ya mataifa mawili, kwa hivyo korti hii haiwezi kuigusa. Nendeni nyumbani.

Miaka miwili baadaye watu wa Kasigau wanaitwa wasaliti. Hebu nielezeni, mliosoma sheria mkamaliza. Unamsalitije mtu ambaye korti yake imesema wewe si wake? Kwenye fremu ya ardhi Mwafrika ni mgeni, asije kudai. Kwenye fremu ya vita Mwafrika ni mtu wa nyumbani, anadaiwa utiifu. Kamera ni moja, imegeuzwa tu.

Mwaka huohuo wa 1915, kama hayo hayatoshi, ilipitishwa sheria mpya ya ardhi iliyofanya hata ardhi wanayoishi wenyeji kuwa mali ya Mfalme. 1921 jaji mkuu Barth akaisoma wazi: Mwafrika ni mpangaji tu, anakaa kwa hiari ya serikali. Kwa hivyo waliokuwa Malindi wakingoja kurudi kwao, huku nyuma "kwao" kulishabadilishwa maana.

Vita vikaisha, na hapa ndipo mimi hushindwa kuvumilia. Uingereza ilitaka makoloni ya Ujerumani, na ilihitaji hoja. Mwaka 1918 ilichapisha ripoti nene kuhusu jinsi Wajerumani walivyowatendea Waherero na Wanama kule Namibia ya leo. Ushahidi ulikuwa mzito, na kwa kiasi kikubwa ulikuwa wa kweli. Wajerumani waliua kinyama pale kati ya 1904 na 1908. Ripoti ikasaidia kujenga hoja kwamba Mjerumani hafai kutawala Waafrika. Versailles ikamnyang'anya makoloni yote, na Tanganyika ikakabidhiwa Waingereza kama amana takatifu ya ustaarabu. Hayo ni maneno ya mkataba, sijayatunga.

Wakati huo wote, Wakasigau bado wako uhamishoni. Mtu anayesema jirani yake hafai kulea watoto, huku watoto wa mwingine wamefungiwa kwake stoo.

Na mwaka 1926, ripoti ile ilipokuwa imeshafanya kazi yake, na Wajerumani na Waingereza wa Namibia wanataka kuishi pamoja kwa amani, nakala zake zilikusanywa na kuharibiwa. Waherero walikuwa wameingizwa kwenye picha kwa muda, kwa sababu walifaa. Walipokoma kufaa wakakatwa.

Najua kuna mtu anasema: sawa, ni zamani, siku hizi kuna sheria. Kweli zipo. Hati ya Nuremberg ya 1945 inataja kuhamisha raia kwa nguvu kama uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mkataba wa Geneva wa 1949 unakataza adhabu ya pamoja. Mkataba wa Roma wa 1998 unayo pia, na Kenya iliuridhia 2005. Ukichukua kisa cha Kasigau ukakisoma juu ya orodha hizo, kinaingia kama ufunguo kwenye kufuli. Lakini kila mlango una tarehe imeandikwa juu yake, na tarehe ndiyo fremu mbaya kuliko zote kwa sababu inaonekana haina upande. Nani anabishana na kalenda?

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ile iliyotoa ripoti 2013, ilipewa kuchunguza kuanzia 12 Desemba 1963 hadi 28 Februari 2008. Ya kabla ya uhuru yalikuwa usuli, kitu cha kuelezea yaliyofuata. Kasigau 1915 ni usuli. Watu walikufa Malindi wakawa utangulizi wa kitabu cha watu wengine.

Mau Mau walipata fremu nyingine. 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee zaidi ya 5,200, baada ya kesi ya mateso kule London. Walishinda kwa sababu walikuwa hai, na mwili wenyewe ndio ushahidi, na nyaraka zilizofichwa zikapatikana. Nawapigia makofi bila kinyongo. Lakini ona kilichotokea kwa picha kubwa: tangu hapo "uovu wa mkoloni Kenya" maana yake ni miaka ya 1950 na watu waliopigania uhuru. Mfalme Charles alipokuja Nairobi mwishoni mwa 2023, alizungumzia ukatili usio na udhuru waliofanyiwa Wakenya katika harakati za kutafuta uhuru. Msamaha hakuomba, na hata majuto yenyewe yalikuwa na mipaka. Watu wa Kasigau hawakuwa wanapigania uhuru wakati ule. Walikuwa nyumbani kwao. Hawana bunduki ya kuonyesha kwenye sanamu.

Nikija kwa ICC, mtanielewa. Nilikuwa shule ya msingi wakati redio zote zilikuwa zinaongea Hague. Mashtaka yaliyothibitishwa Januari 2012 dhidi ya Uhuru Kenyatta, William Ruto na Joshua Sang yalikuwa na hili ndani: kuhamisha watu kwa nguvu. Mnakumbuka kuna mtu alilijadili hilo? Mjadala ukawa Afrika dhidi ya wazungu. Oktoba 2013, kwenye kikao cha Umoja wa Afrika Addis Ababa, Rais Kenyatta aliieleza mahakama ile kama kichezeo cha madola ya kikoloni yanayofifia. Na fremu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana ilifanya kazi: washtakiwa wote wa ICC hadi siku hiyo walikuwa Waafrika, na wakubwa wa dunia walikuwa nje, salama. Kesi ya Uhuru ikaondolewa Desemba 2014, ya Ruto na Sang ikakatizwa Aprili 2016. Waliofukuzwa makwao 2008 walikuwa wamekatwa kwenye picha kitambo sana.

Mimi kinachoniuma ni matumizi ya neno. "Ukoloni" likawa ngao ya watu wenye magari ya serikali. Jamii ambayo mkoloni aliipakia mizigo na kuitupa Malindi haijawahi kulitumia neno hilo mbele ya jaji yeyote.

Wengine watasema basi twende kwa mahakama ya mataifa, kama Chagos. Hicho kisa kinafaa kuangaliwa, lakini kwa macho mawili. Kati ya 1968 na 1973 Uingereza iliwaondoa watu wote wa visiwa vya Chagos, huku katika Bahari yetu ya Hindi, ili Marekani ijenge kambi Diego Garcia. Maafisa waliamua mapema lugha ya kutumia: hawa si wenyeji, ni vibarua wa mkataba. Wenyewe walipoenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kama watu waliofukuzwa, 2012 wakaambiwa walishapokea fidia, kesi imekwisha. Mauritius ilipokuja na fremu nyingine, kwamba nchi yangu ilimegwa kabla ya uhuru, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni 2019, majaji 13 kwa 1, kwamba Uingereza iondoke. 2025 mkataba ukatiwa saini kati ya serikali mbili. Na Wachagos wengi wakalalamika kwamba hawakuwa mezani. Fremu ya ardhi ya taifa ilishinda, na wenye makaburi pale wakabaki wakitazama kupitia dirishani.

Ndiyo maana sishabikii sana wazo kwamba serikali ya Nairobi itusemee. Wakitusemea, itakuwa Kenya dhidi ya Uingereza, na kuna mikataba ya kijeshi na biashara ya kuzingatiwa. Kasigau itapewa mstari mmoja.

Kulikuwa na mlango mmoja uliotutosha. Sheria ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kifungu cha 15, ilivyorekebishwa 2016, inasema dhuluma ya kihistoria ya ardhi ni ile iliyotokea kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010, na kusababisha watu kuondolewa wanapoishi. 1895! Hatimaye mtu alirudi nyuma hatua za kutosha mlima ukaingia kwenye picha wote. Lakini madai yalipewa miaka 5 tu, na dirisha likafungwa 2021, mwaka ambao wengi wenu mlikuwa mnatafuta barakoa na kazi. Na hata likiwa wazi, ni la ardhi. Makaburi ya Malindi hayana fomu.

Leo ukitafuta jina Kasigau mtandaoni utapata kaboni. Mradi wa msitu wa pale ulikuwa miongoni mwa ya kwanza duniani kuuza hati za kaboni, 2011. Utapata pia watalii wa vita wanaokuja kuona Salaita na Maktau, na makaburi ya askari yaliyotunzwa vizuri, ya Voi na Taveta. Askari wana mawe yenye majina. Hata tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri 2021 kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika waliokufa kwenye vita hivyo hawakuandikwa kama wenzao. Hao walikuwa angalau jeshini, askari na wapagazi. Wakasigau hawakuwa hata kwenye orodha ya waliosahaulika.

Kurekebisha kifungu cha 15 ni kazi ya Bunge, na wabunge wetu wanne pamoja na seneta na mwakilishi wa wanawake wanajulikana wanapokunywa chai. Waulizeni, kwa adabu, na mrekodi majibu.

Na wenye nyanya na babu kutoka Rukanga, Jora, Makwasinyi, Kiteghe au Bungule, simu mnazo. Msiwaulize kama babu zao waliwasaidia Wajerumani. Waulizeni haya: walikuwa wangapi nyumbani siku ile, na majina yao? Nani hakurudi kutoka Malindi, na alizikwa wapi? Waliorudi walikuta nani amekaa kwenye shamba lao? Muwaache waongee kwa Kitaita chao, msiwakatize, na msikate video.